Kazi za wahitimu wa fizikia (Tanzania)

Wahitimu wa fizikia ni watu waliomaliza shahada ya kwanza au zaidi katika somo hilo, ama peke yake, ama likiambatana na hisabati, kemia, jiolojia au ualimu. Nchini Tanzania wengi wao huajiriwa kama walimu wa sekondari. Wachache huingia katika kinga ya mionzi, tiba ya saratani, hali ya hewa, vipimo, utafutaji wa gesi na madini, na vyuo vikuu. Tofauti na uhandisi au udaktari, shahada hii haimpi mwenyewe cheo kinachojulikana sokoni. Karibu kila njia ya kazi hudai nyongeza: cheti cha ualimu, shahada ya umahiri au mafunzo kazini.

Historia

Kabla ya uhuru na miaka michache baadaye, Mtanganyika aliyetaka kusoma sayansi ya ngazi ya juu alikwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo. Kitivo cha Sayansi cha chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1965, chuo hicho kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Serikali ilihitaji walimu kuliko wanafizikia, na mkazo huo haujabadilika sana.

Tukio mashuhuri zaidi la fizikia ya Tanzania lilianzia kwa mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa shule ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliokuwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Baadaye alimuuliza jambo hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kuhusu tabia hiyo, ambayo sasa huitwa athari ya Mpemba. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka.

Ualimu

Ndiyo njia kuu. Wanaosoma shahada ya sayansi na ualimu huhitimu wakiwa tayari wamefanya mafunzo ya vitendo shuleni. Wenye shahada ya fizikia tupu hulazimika kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu. Mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma, ili kukabili uhaba wa walimu uliosababishwa na shule za kata, zilizoongezeka kwa kasi baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004.

Majengo yalitangulia walimu. Hata baada ya wananchi kuchangishwa kujenga maabara za fizikia, kemia na baiolojia, mwalimu mmoja wa fizikia aliweza kukabidhiwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na hisabati juu yake. Hata hivyo upungufu shuleni haumaanishi ajira ya papo hapo. Nafasi hutegemea kibali na bajeti, hutangazwa kwa awamu, na mwombaji hushindania cheo cha Mwalimu Daraja la III C. Wanaosubiri hujitolea shuleni, hufundisha shule binafsi au huendesha masomo ya ziada, maarufu kama tuisheni.

Kinga ya mionzi

Sheria ya kinga ya mionzi ya mwaka 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi. Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 iliigeuza kuwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC). Tume hii ni miongoni mwa waajiri wachache wanaomhitaji mhitimu wa fizikia kwa fizikia yake. Wakaguzi wake hutembelea hospitali zenye mashine za eksirei, migodi na viwanda vinavyotumia vyanzo vya mionzi, hutoa leseni, na hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Wafanyakazi wanaokaa karibu na mionzi huvaa kifuani kipima mionzi kidogo, ambacho hurudishwa maabara kila baada ya kipindi maalumu kusomwa kipimo alichopokea mvaaji.

Fizikia tiba

Hii ndiyo kazi adhimu kuliko zote zilizo wazi kwa mhitimu wa fizikia, na isiyofahamika vya kutosha. Mwanafizikia tiba hamtibu mgonjwa kwa mkono wake. Daktari wa saratani huamua eneo na kiasi cha mionzi. Mwanafizikia hukokotoa namna ya kukifikisha kiasi hicho kwenye uvimbe bila kuunguza viungo vya jirani, kisha huhakikisha kuwa mashine inatoa kile ilichoamriwa.

Makao makuu ya kazi hii ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyo katika majengo ya hospitali ya enzi ya Wajerumani na iliyopewa hadhi ya taasisi kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa miaka mingi kilikuwa kituo pekee cha tiba ya mionzi nchini, kabla ya Bugando, Mwanza, kuanza huduma hiyo. Mashine zilizotumika zilikuwa za kobalti-60. Nusu-uhai wa kobalti-60 ni miaka 5.27, hivyo chanzo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu yake kila mwezi. Mgonjwa aliyehitaji dakika mbili chini ya chanzo kipya atahitaji dakika nne chini ya chanzo hicho hicho baada ya nusu-uhai mmoja. Majedwali ya muda lazima yakokotolewe upya kila mara, na anayekosea hapo humpunguzia au humzidishia mgonjwa dozi bila yeyote kuona kwa macho.

Mwaka 2018 Ocean Road ilianza kutumia mashine za LINAC, zinazozalisha mionzi kwa umeme badala ya chanzo kinachooza. Ukaguzi wake ni mzito zaidi: kabla ya wagonjwa kuingia, nguvu ya mwali hupimwa, na kwa vipindi maalumu tanki la maji huwekwa chini ya mashine kwa kuwa maji hufyonza mionzi karibu sawa na mwili wa binadamu.

Njia ya kufika huko ni ndefu: shahada ya fizikia, shahada ya umahiri, kisha mafunzo hospitalini chini ya msimamizi. Watanzania wengi husaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu kusoma nje. Mojawapo ya programu zinazojulikana ni ile ya Trieste, Italia, iliyoanza mwaka 2014.

Hali ya hewa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), iliyoanza kama wakala mwaka 1999 na kuwa mamlaka mwaka 2019, huajiri wahitimu wa metorolojia na wa fizikia waliopata mafunzo ya utabiri. Ina chuo Kigoma.

Vipimo na viwango

Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina maabara ya ugezi inayosahihisha vyombo vya kupimia uzito, joto na shinikizo. Wakala wa Vipimo, ulioanza mwaka 2002, huhakiki mizani za pamba, pampu za mafuta, magari ya mafuta huko Misugusugu, na hupambana na lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Afisa vipimo hufanya fizikia ya kila siku, ingawa hasifiwi kwa hilo.

Gesi, madini na maji

Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Katika utafutaji wa aina hiyo, wataalamu wa jiofizikia husoma mitetemo inayorudi kutoka kwenye miamba. Kampuni ndogo za visima hupima ukinzani wa umeme ardhini kutafuta maji.

Vyuo vikuu na utafiti

Vyuo vya umma kwa kawaida hudai wastani wa 3.8 kati ya 5 kwa anayeanza kufundisha akiwa na shahada ya kwanza. Taasisi ya fizikia iliyofunguliwa Kigali mwaka 2018, mshirika wa kituo cha fizikia cha Trieste alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964, imewapunguzia wanafunzi wa kanda hii safari.

Sekta nyingine

Wahitimu wengine wako katika benki, simu, programu za kompyuta na umeme wa jua.

Hali ya sasa

Mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na upanuzi wa huduma za saratani mikoani hutajwa kuwa vitaongeza nafasi za kinga ya mionzi na fizikia tiba. Kwa sasa ualimu bado ndio mwajiri mkubwa, na shahada ya fizikia isiyoongezewa chochote bado ni tiketi dhaifu ya ajira.