Ziwa Lililogawanywa Mezani

Mreno Vasco da Gama alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498. Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa la Nyanza, karibu na Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858. Baina ya matukio haya mawili ipo miaka 360. Lakini toka siku ya Speke hata ziwa kugawanywa kati ya Uingereza na Ujerumani ilipita miaka 32 tu. Kwa nini mwendo wa kwanza ulikuwa wa kobe, na wa pili wa swala?

Jawabu limo katika haja. Wareno walitafuta njia ya Bara Hindi na viungo vyake, na dhahabu ya Sofala. Kwa haja hizo pwani iliwatosha. Mwenye bandari na ngome hakuona faida ya kufia barani kwa homa.

Karne ya 19 ilizaa haja nyingine. Viwanda vya Ulaya vilitaka malighafi na masoko, kwinini ilipunguza makali ya malaria, na wataalamu walishindania chanzo cha mto Naili. Speke na mwenziwe Richard Burton walitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, kwa msaada wa fedha za serikali. Walakini Speke hakufungua njia yoyote. Habari za ziwa alipewa na wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh, ndiyo Tabora. Njia ilikuwa ya misafara ya pembe. Na mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa Bara Hindi. Wasukuma na Wakerewe, waliovua katika maji hayo, hawakungoja kuambiwa kuwa yapo. Hata hivyo Speke aliyaita kwa jina la malkia wake, na ramani za Ulaya zikalipokea jina hilo kana kwamba maji hayakuwa na lake.

Baada ya jina ikaja dini. Mwaka 1875 Henry Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, akapeleka barua kwa gazeti la London kuomba wamisionari waende Buganda. Mwaka 1877 wa kwanza walilivuka. Desemba ya mwaka huo wawili waliuawa Ukerewe. Tangu hapo Ulaya ilikuwa na watu wake wa kuwatetea ziwani.

Bendera ilifuata nyuma. Bismarck, ambaye kwa muda mrefu hakuyapenda makoloni, alikubali mikataba aliyoikusanya Carl Peters Usagara na jirani zake mwaka 1884. Hati ya ulinzi ikatolewa tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa. Mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 yakapitisha mpaka juu ya maji, nyuzi 1 kusini ya ikweta. Hakuulizwa mtemi wa Usukuma, wala Kabaka.

Wajerumani waliondolewa Mwanza mwaka 1916, wakaacha jina la Bismarck juu ya jiwe lililo majini. Mstari ulidumu zaidi: Julai 1964, mjini Cairo, mataifa huru ya Afrika yalikubali kuiheshimu mipaka waliyoirithi, kwa kuchelea vita vya kuibadili. Basi asiishie kwa askari anayetafuta asili ya ukoloni. Askari alikuwa wa mwisho kufika. Waliotangulia ni msafiri mwenye daftari, na mwenyeji aliyemwonyesha njia.