Mmea Hupata Wapi Chakula Chake?

Viongozi wa vikundi, wasogezeni wanafunzi karibu na redio. Leo tutazungumza juu ya historia ya jambo tunaloliona kila siku Musoma, Bunda na Butiama, nalo ni jinsi mmea unavyopata chakula.

Zamani watu wengi walidhani kwamba mmea hula udongo. Jan Baptist van Helmont, mtaalamu wa Ubelgiji, alitaka kupima. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chombo, akapanda mche wa ratili 5, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169, lakini udongo ulipungua wakia 2 tu. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1648. Yeye alikata shauri kwamba mti hutokana na maji peke yake. Alikuwa amefika nusu ya njia.

Mwaka 1771, Joseph Priestley wa Uingereza aliona kwamba mmea huifanya hewa iliyozimisha mshumaa iweze kuuwasha tena. Mwaka 1779, Jan Ingenhousz, Mholanzi, alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani, tena kwenye mwanga tu. Mwaka 1804, Nicolas-Théodore de Saussure wa Uswisi alithibitisha kwa mizani kwamba mmea hujijenga kwa kaboni ya hewani pamoja na maji.

Basi, jani ni jiko. Moto wake ni jua. Vinavyopikwa ni maji na hewa ya kabonidioksaidi. Chakula kinachopatikana ni sukari, na oksijeni tunayovuta hutolewa nje. Kazi hii huitwa usanisinuru.

Je, kwa nini jiko hili mara huenda mbio, mara hupoa? Mwaka 1905, Mwingereza F. F. Blackman alieleza kwamba kasi yake huzuiwa na kile kilicho haba kuliko vyote. Fikirini mafiga matatu: likikosekana moja, kuongeza ukubwa wa mawili yaliyobaki hakusaidii kitu. Wakati wa kiangazi mahindi hupata jua tele, lakini maji ni haba. Jani hufunga vitundu vyake lisikauke, na hewa nayo hushindwa kuingia. Ndiyo sababu inafaa kutandaza majani makavu shambani ili unyevu udumu.

Sasa tutazame ziwani. Gugu maji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Hapa lilikuta mafiga yote: jua, joto, maji, na rutuba iliyoletwa na mito na maji machafu ya miji. Likaenea upesi, likaziba miale, mitumbwi ikashindwa kupita. Chini yake mlikuwa na giza, oksijeni ikapungua, samaki wakakosa pumzi.

Katika miaka ya 1990 waliletwa fukusi wanaokula gugu hilo. Kisha zikaja mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Baada ya hapo gugu lilipungua sana. Wataalamu wengine walisema ni kazi ya fukusi. Wengine walisema mawingu ya mvua zile yalipunguza jua. Lakini wote wanajua kwamba rutuba ikizidi kuingia ziwani, gugu huweza kurudi.

Kwa hiyo mkulima anayeacha mvua ichukue udongo wake hupoteza mavuno, na mvuvi asiyemjua hupoteza samaki. Matuta ya kukinga maji na nyasi za kandokando ya mto huwafaa wote wawili.

Maswali ya kujadili:
1. Van Helmont aligundua nini, na alisahau nini?
2. Katika shamba lako, ni kitu gani kilicho haba kuliko vyote?
3. Maji ya mvua ya kijiji chenu huishia wapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.