Utii, Wengi na Pamba ya Umatumbi

Katika hazina ya methali zetu zimo mbili ambazo mwalimu angefanya vyema kuzifundisha pamoja. Moja yasema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Ya pili yasema, "Wengi wape." Ya kwanza yaeleza utii wa mnyonge mbele ya mwenye nguvu, ya pili yaeleza uzito wa wengi juu ya mtu mmoja. Aghalabu Vita vya Maji Maji husimuliwa kwa kutaja silaha, dawa na majemadari. Hapa tutavitazama kupitia methali hizo, tupate kujua ni kitu gani huwafanya watu watii, na ni kitu gani huwafanya waache kutii.

Mwaka 1902 Gavana wa Kijerumani, Graf von Götzen, aliamuru yaanzishwe mashamba ya pamba ya pamoja katika sehemu za pwani ya kusini. Jumbe aliwatoa watu wake kulima. Juu ya jumbe alikuwako akida, na juu ya akida alikuwako Mjerumani katika boma. Ujira ulikuwa haba hata baadhi ya watu wakakataa kuupokea. Aliyelegea alionja kiboko, na shamba lake la chakula likakosa mikono.

Hata hivyo, Wajerumani walikuwa wachache na askari wao hawakuwa wengi, ilhali raia walikuwa maelfu kwa maelfu. Kiboko peke yake kisingaliweza kuwatiisha wote. Kila aliyeinua macho alimwona jirani yake ameinama analima, naye akainama. Huenda jirani alikuwa na uchungu ule ule moyoni. Lakini moyo wa mtu hauonekani, na kuinama kwake kunaonekana. Hivyo kila mmoja akawa mlinzi wa mwenziwe pasipo kukusudia.

Utii wa namna hiyo huvunjika pale watu wanapopata kujuana nia. Mwaka 1904, huko Ngarambe, alitokea Kinjikitile Ngwale akitoa maji ambayo, kwa imani ya waliomfuata, yangeigeuza risasi kuwa maji. Wamatumbi walipeana habari zake kwa kunong'onezana, wakauita mnong'ono huo Njwiywila. Jamaa baada ya jamaa wakaenda Ngarambe, na huko kila mtu akaona kwamba hakuwa peke yake. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya kwanza ya pamba. Ilikuwa miche michache tu, lakini ilitosha kuwa tangazo la vita.

Jambo hili si la Wamatumbi peke yao. Kuanzia mwaka 1961 mtaalamu wa saikolojia, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, aliwaamuru watu wa kawaida wamwadhibu mtu kwa umeme. Hawakujua kwamba umeme huo haukuwa wa kweli. Katika jaribio moja, 26 kati ya 40 walitii hadi mwisho. Lakini walipowekwa pamoja na wenzao wawili waliokataa mbele yao, 36 kati ya 40 nao waliacha kutii. Watu wawili wa Nandete walikwisha kuwaonyesha wenzao mfano kama huo miaka zaidi ya hamsini kabla.

Lakini wimbi la wengi lina upande wake wa pili. Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, ila neno lake liliendelea kutembea bila yeye. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge, na bombomu zikawafyeka kwa mamia. Vita vilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani wenyewe walihesabu wafu 75,000. Wanahistoria wengine wanakadiria zaidi ya 250,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mazao kuchomwa moto.

Mwaka 1956, mbele ya Umoja wa Mataifa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watu wale hawakuinuka kwa hofu wala kwa kiapo, bali kwa wito ulio katika moyo wa kila binadamu. Ni kweli, wala hatuwalaumu wazee wetu. Lakini tukiwaheshimu, tujifunze kwao yote mawili: ujasiri wa kung'oa mche wa kwanza, na haja ya kuuliza hata pale tunaposimama pamoja na wenzetu.

Mimi niliyetumikia ofisi kwa miaka mingi najua jinsi neno "ndiyo" linavyotoka upesi mkubwa anapouliza, na upesi zaidi wenzangu wote wakiwa wamekwisha kulisema. Basi mwalimu asifurahie sana darasa linaloitikia kwa sauti moja. Amsikilize yule mmoja aliyenyamaza. Taifa lahitaji utii, lakini utii unaojua sababu yake.