Uhuru, darubini ya angani iliyorushwa Malindi
Je, wajua kwamba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa hapa kwetu? Ilikuwa 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend wa NASA, msimamizi wa mradi, aliiita Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru.

Hewa ya dunia huzuia eksirei hizo, ndiyo maana darubini lazima ipande juu. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vikawafanya wanasayansi washuku kuna shimo jeusi pale. Riccardo Giacconi, kiongozi wao, alipata Nobel mwaka 2002. Mimi shuleni nilisomeshwa Sputnik na Apollo. Hii ya Malindi, kimya!