Shoka na Mpini: Historia ya Kuchanja Kuni Buhaya

Methali yetu yasema: shoka lisilo mpini halichanji kuni. Walimu huitumia kufundisha umoja na kutegemeana, na si vibaya. Leo naomba, ndugu msomaji, tuisome kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani shoka, mpini na kuni, kisha tuipeleke Bukoba na Muleba, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Huko ndiko historia ilikolisifu shoka hadi ng'ambo ya bahari, na mpini ukasahaulika.

Chuma, mtoto wa mti

Septemba 1978, jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wahaya. Katika miaka hiyo ya 1970, wazee waliokuwa wameifahamu kazi hiyo ujanani walijenga upya tanuri la udongo, wakafunga mivukuto na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Karibu na Kemondo, kwenye ufuko wa ziwa kusini mwa mji wa Bukoba, yalichimbuliwa mabaki ya matanuri yaliyokadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000.

Watafiti walieleza kwamba mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ya mivukuto ilipata joto kabla ya kuufikia moto wenyewe. Shimo la chini lilijazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, nayo yakakipa chuma kaboni yake. Kilichopatikana kilikaribia chuma cha pua. Hoja ya hewa iliyopashwa joto imejadiliwa sana na wataalamu, wengine wakiikubali na wengine wakiipinga. Jambo moja halina mjadala: tanuri lile lilikula makaa, na makaa ni mti uliokatwa, ukapasuliwa, ukafunikwa na kuunguzwa.

Schmidt mwenyewe, katika maandishi yake ya baadaye, aliufuata mti. Vipande vya makaa vilivyobaki ndani ya matanuri vilichunguzwa ili kujua aina za miti iliyochomwa, naye akahoji kwamba misitu ya ukanda wa ziwa ilipungua kwa sababu ya kazi ile, hata uyeyushaji ukafifia kwa karne kadhaa kabla ya kuanza tena. Kwa hoja hiyo, kilichowazuia wahunzi wa kale hakikuwa uhaba wa mawe ya chuma wala uhaba wa akili. Kuni ziliwaishia.

Huko Katuruka, kwenye kasri la kale la Omukama Rugomora Mahe, simulizi husema mfalme huyo aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, nao ukaanguka. Mnara tunaukumbuka, na jina la mfalme tunalo. Mikono iliyochanja kuni za kuyeyushia chuma cha mnara huo haina jina.

Kwa nini kuni huchanjwa

Mtu wa nchi kame anaweza kuuliza: ya nini kujichosha na shoka, ilhali matawi makavu yameanguka yenyewe? Ukanda wa ziwa wa Bukoba ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi kabisa, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Gogo lililoachwa zima katika nchi ya namna hiyo hubaki na maji yake chini ya ganda. Ukilitia jikoni, hutoa povu kwenye ncha, likafuka moshi na kuinyima sufuria moto. Kulichanja ni kulifungua ili upepo uingie ndani. Ndiyo maana, katika nchi ya mvua, kuchanja kuni ni nusu ya kupika.

Kazi yenyewe ina elimu yake. Mchanjaji hulisimamisha gogo juu ya kisiki na kuutazama uso wake kabla ya kuinua shoka. Hutafuta ufa mdogo ambao mti umeuanza wenyewe, akaufuata huo. Fundo hulikwepa, kwa kuwa hapo tawi lilipozaliwa nyuzi zimejisokota, na shoka likizama huko huganda. Gogo kaidi hupewa kabari, ikapigiliwa kwa nyundo au kwa kisogo cha shoka. Mkaratusi, kwa mfano, aghalabu hukubali shoka ungali mbichi kuliko ukishakauka. Kuni zilizokwisha kuchanjwa hupangwa penye upepo au juu ya kichanja karibu na moto, na jiko la leo likaukausha ukuni wa kesho.

Katika mushonge, nyumba ya msonge ya Wahaya iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, moto ulikaa ndani ya nyumba. Uliivisha ndizi na maharage, ukafukuza unyevu, na moshi wake ukayakausha mapaa na kuwafukuza wadudu. Moto huo haukutakiwa kulala njaa.

Shoka la kale lenyewe linatufundisha jambo. Katika nchi za Maziwa Makuu mhunzi alilifua bapa la chuma lenye mkia mwembamba, na mkia huo ukachomekwa katika tundu lililotobolewa kwenye kichwa kinene cha mpini. Kila pigo liliukaza mkia ndani ya mti. Shoka la dukani lililokuja baadaye limegeuza mambo: tundu liko kwenye chuma, na mti ndio unaochomekwa. La kwanza ni chuma kilichokaribishwa na mti. La pili ni mti uliokaribishwa na chuma.

Msitu uliopandwa nyumbani

Mgeni anayetoka Bukoba kwenda Muleba huona vijiji vya kijani vilivyozungukwa na mbuga za nyasi. Mbuga hizo ni rweya, ardhi iliyochujwa rutuba na mvua. Kijani ni vibanja, mashamba ya migomba, kahawa na maharage yaliyorutubishwa kwa samadi na majani, kizazi baada ya kizazi. Ndani ya kibanja miti huachwa na kupandwa kwa makusudi: mushambya, mtoma uliotoa nguo za magome, na musizi. Kibanja basi ni shamba, na ni msitu mdogo pia, uliotengenezwa na watu ambao msitu mkubwa ulikuwa umewapungukia.

Musizi una habari yake. Mji wa Bukoba ulianza kuwa kituo cha Wajerumani mwaka 1890 chini ya Emin Pasha, na jina lake ndilo lililowekwa katika jina la kisayansi la mti huu, Maesopsis eminii. Wenyeji walikwisha kuujua kwa jina lao, wakajenga na kukoka moto kwa mti wao, kabla ya Emin kufika ziwani. Katika karne ya 20 ulipelekwa kupandwa Usambara Mashariki, nao ukasambaa ndani ya msitu wa asili hata ukahesabiwa kuwa mti vamizi. Nyumbani ni kivuli cha kahawa na ukuni wa jikoni, ugenini ni tishio.

Kutoka nje nako ilikuja mikaratusi na misonobari, ikapandwa kwenye rweya ambako migomba haistawi. Leo magogo mengi yanayochanjwa Bukoba na Muleba ni ya miti hii migeni. Shoka limebaki lile lile, ila mkono umelazimika kujifunza nyuzi mpya.

Kitenzi na makali yake

Sasa turudi kwenye lugha. Kihaya huziita kuni enku, Kinyarwanda inkwi, Kichewa nkhuni, Kizulu izinkuni. Neno hili limetembea na Wabantu karibu kila walikokoka moto.

Kiswahili hakikuridhika na nomino. Tunatema kwa panga, tunakata, tunapasua, tunachonga, tunachanja. Kupasua hakujali njia, kwani hata chungu hupasuka. Kuchanja ni kupitisha makali ili kufungua. Ndiyo maana kitenzi hiki kimetoka kwenye kuni kikafika mbali. Mganga huchanja chale. Msafiri mwenye haraka huchanja mbuga, kana kwamba nyika ni gogo na miguu yake ni shoka. Muuguzi huchanja mtoto, tukapata chanjo, na mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, Watanzania walihimizwa kwa kaulimbiu ya "Ujanja Kuchanja". Waliocheza na sauti hizo walikuwa wakishika mpini wa zamani.

Jiko nalo limezaa siasa. Kuchochea ni kusukuma kuni ndani ili moto uwake, na mchochezi leo anaweza kufikishwa mahakamani bila kugusa hata kijiti. Mafiga matatu yamekuwa Rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Lugha ya umma, kumbe, bado inapikiwa kwenye jiko la kuni.

Washairi wana sababu nyingine ya kulijali gogo. Enanga, ala ambayo kwayo mafundi wa Buhaya waliimba tendi zao, huchongwa kwa mti mmoja kama mtumbwi mdogo, kisha ikafungwa nyuzi. Mugyabuso Mulokozi alizichunguza tendi hizo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986. Mti uliotoa enanga ungeweza kuwa kuni za siku mbili. Mtu fulani alilitazama gogo, akaweka shoka chini, akachukua tezo.

Moshi na maneno

Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Ni jambo jema. Moshi wa kuni umewatesa mama zetu macho na mapafu, na mizigo ya kuni imewainamisha mabinti waliopaswa kuwa darasani. Anayeulilia moshi huo aghalabu si yeye aliyekuwa akiupuliza.

Lakini moshi ukiondoka, si lazima maneno yaondoke nao. Mtoto atakayekua akiwasha gesi atasikia kuchochea, kijinga, kabari, kichanja, figa na kisogo cha shoka kama sauti tupu, na methali tuliyoanza nayo itamtaka maelezo katika kila neno. Wahunzi wa Buhaya walibahatika: wazee walikuwapo bado mtafiti alipofika, wakajenga tanuri kwa mikono yao. Wachanja kuni hawajapata wa kuwauliza. Wapo Kemondo, Kamachumu na Rubya, kila mmoja anajua gogo lipi lina ukaidi na jina la kila sehemu ya shoka lake, kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Tuwaulize sasa, tuandike, ili shoka katika historia yetu lirudishiwe mpini wake.