Kipaji na Pengo

Msomaji, huenda siku moja ukawa nahodha wa timu ya shule yako, Kisii au Nyamira, ukatakiwa kuchagua wenzako wa kucheza mpira wa kikapu. Vijana wawili wamesimama mbele yako, na nafasi iliyosalia ni moja. Wa kwanza ni hodari kupita wote, lakini mahali anapopajua pana mchezaji mwema tayari. Wa pili ni wa kadiri, ila ni mrefu, na timu yako haina mrefu wa kusimama chini ya kikapu. Utamtwaa yupi? Swali hili limewasumbua wakubwa kabla yako.

Katika Marekani, timu za kulipwa huchagua wachezaji wapya kila mwaka kwa zamu. Mwaka wa 1984 zamu ya kwanza ilikuwa ya Houston, wakamtwaa Hakeem Olajuwon, kijana mrefu wa Lagos.  Zamu ya pili ilikuwa ya Portland. Hao walikuwa na Clyde Drexler, waliyemchagua mwaka uliotangulia, na pengo lao lilikuwa katikati. Basi wakamtwaa Sam Bowie, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 1, ijapokuwa mguu wake ulikwisha kumtesa chuoni. Chicago, waliokuwa wa tatu, wakamtwaa Michael Jordan, aliyecheza nafasi ile ile ya Drexler, naye akawapatia ubingwa mara 6. Miguu ya Bowie ilivunjika tena na tena.

Watu wengi huwacheka Portland. Mimi siwacheki sana, maana azibaye tundu la paa lake hana kosa. Walilosahau ni kwamba pengo huzibika kwa njia nyingi, lakini kipaji cha namna ile hakipiti mlangoni mara mbili.

Mfano ulio karibu nasi zaidi hautoki katika mpira, bali katika mbio, nao ulizaliwa katika vilima vya Gusii. Nyandika Maiyoro wa Kisii alitangulia: mwaka wa 1956 alikuwa wa 7 katika mita 5,000 huko Melbourne, na mwaka wa 1960 wa 6 huko Roma. Nyuma yake akaja Naftali Temu, mwana wa upande wa Nyamira.

Mbio hazina mchezaji wa kati wala wa pembeni, lakini zina masafa, na katika Olimpiki nchi haikuruhusiwa kupeleka zaidi ya watu 3 katika kila shindano. Mwaka wa 1964 Temu alikimbia marathoni huko Tokyo, akawa wa 49. Mchaguzi aliyeitazama namba hiyo peke yake angeweza kulifuta jina lake. Kwa bahati njema halikufutwa. Mwaka wa 1966, huko Kingston, Temu alimshinda Ron Clarke wa Australia katika maili 6. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, akampita Mamo Wolde wa Ethiopia katika hatua za mwisho. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki.

Haja ya timu nayo ina haki yake. Katika mita 1,500 za michezo hiyo hiyo, Ben Jipcho alikimbia kwa kasi kubwa tangu mwanzo ili kumchosha Jim Ryun wa Marekani. Kipchoge Keino akapata dhahabu. Jipcho akawa wa 10. Alikuwa na kipaji chake mwenyewe, kama alivyoonyesha miaka 4 baadaye kwa medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji, lakini siku ile alipewa pengo alizibe, akaliziba.

Siku hiyo hiyo, tarehe 20 Oktoba, Temu alirudi katika marathoni. Mwili ulikuwa ule ule ulioshinda wiki moja kabla. Mshindi alikuwa Mamo Wolde. Temu alikuwa wa 19.