Alama za mikopo: Kwa nini jirani yako Kiomboi anakopa kwa riba nafuu kuliko wewe

Wawili wanaomba mkopo wa aina moja. Mmoja anapewa kwa riba ya chini, mwingine anaambiwa alete dhamana zaidi au anakataliwa kabisa. Mara nyingi tofauti iko kwenye historia ya marejesho yao.

Historia hiyo inatunzwa wapi?

Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, ambako benki hupeleka taarifa za mikopo. Kampuni zenye leseni ya BoT, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, huchakata taarifa hizo na kutoa ripoti na alama. Kanuni zake ni za mwaka 2012.

Alama ikiwa juu, mkopeshaji anaona hatari ni ndogo. Ikiwa chini, anapunguza kiasi, anaongeza riba au anakunyima.

Nini kinashusha alama?

- Kuchelewesha rejesho, hata mara chache.
- Kuacha deni dogo la simu bila kulipa. Wengi hudhani likipita limesahaulika. Halijasahaulika.
- Kuwa na mikopo mingi kwa wakati mmoja.
- Kumdhamini mtu, kisha akakimbia deni.

Asiyewahi kukopa popote naye ana shida yake: hana historia, hivyo mkopeshaji hana cha kumpimia.

Hesabu yake iko hivi

Tuchukue mfano wa mkulima wa alizeti anayetaka sh 500,000 kwa miezi 6, riba ikihesabiwa kila mwezi kwenye mkopo wote:

- Riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi: analipa riba ya sh 45,000.
- Asilimia 3.5, ambayo ni ukomo wa BoT kwa taasisi ndogo za fedha zisizopokea amana: sh 105,000.
- "Kausha damu" wa mtaani akitoza asilimia 20: sh 600,000. Riba imeupita mkopo wenyewe!

Ndiyo maana alama mbaya ni ghali. Ukifungiwa mlango wa benki, unaishia kwa kausha damu, na mavuno yanaondoka kabla hayajafika nyumbani.

Ufanye nini?

1. Omba ripoti yako kabla ya kukopa. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa bado linasomeka, peleka risiti kwa aliyekukopesha na udai lirekebishwe.
2. Maliza madeni madogo ya simu kwanza.
3. Omba marejesho yaendane na msimu. Kipato cha mkulima wa Iramba hakiingii kila mwezi, kwa hiyo rejesho la kila mwezi ni rahisi kulikosa.
4. Ukiona utachelewa, nenda ukaongee na mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada.
5. Uliza riba ni ya mkopo wote au ya salio linalobaki. Ya salio ni nafuu zaidi, hata kama asilimia ni ileile.

Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walio kwenye vikundi wana njia nyingine: mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Waanzie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Lakini hata huko, kukopa harusi, kulipa matanga haifai. Deni ni deni, lirudishwe kwa wakati.